Kilomita 72 Bila Honi

Kioo cha pembeni cha pikapu kilinigonga kiwiko nikiwa ukingoni kabisa mwa lami, na dereva hakupunguza hata mwendo. Sikuvunjika kitu. Ila tangu siku ile, kila nikisikia injini nyuma yangu mabega yalikuwa yanakaza hadi shingo inauma, na baada ya wiki chache nikaitundika baiskeli ukutani. Ikakaa huko miaka miwili.

Aliyeitungua ni mpwa wangu, ana miaka kumi na mitano. Mwezi wa kumi mwaka jana alinitumia ramani kwenye simu, chini yake kaandika: "Shikamoo Mjomba. Hapa magari ni marufuku kabisa. Twende?"

Tunaishi Portland, jimbo la Maine. Mahali alipopaona ni Hifadhi ya Taifa ya Acadia, kwenye kisiwa cha Mount Desert, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka kwetu. Ndani ya hifadhi ile kuna maili 45, yaani kilomita 72, za barabara za kokoto zilizojengwa kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi. Mpaka leo zimebaki za farasi, watembea kwa miguu na baiskeli. Kiingilio tulilipa dola 35 kwa gari, na risiti inatumika siku saba.

Aliyezijenga ni John D. Rockefeller Mdogo, mtoto wa tajiri wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Alianza mwaka 1913, akaendelea hadi 1940. Mwaka huohuo wa 1913 ndio magari yalianza kuruhusiwa pale kisiwani, baada ya kupigwa marufuku kwa miaka. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mali ya baba yake ilitoka kwenye mafuta, na yeye akatumia sehemu yake kutengeneza njia ambazo injini haitakanyaga. Alifuatilia mwenyewe hadi mteremko wa kila kona, na nyumba mbili za mawe zenye mageti zikajengwa ili dereva asije akadhani anaweza kupenya.

Tuliegesha kaskazini mwa ziwa la Eagle Lake kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu maegesho hujaa mapema. Kabla ya kuondoka nikapunguza upepo. Tairi zangu zina upana wa milimita 40. Kwenye lami nilikuwa naweka paundi 60, pale nikashusha hadi 35. Mpwa wangu akagoma. "Mjomba, tairi laini linachosha!" Kwa lami, kweli. Kwenye kokoto tairi gumu linarukaruka juu ya kila jiwe, na kila ruko ni jasho lako linalokwenda juu badala ya kwenda mbele. Lenye upepo wa wastani linabonyea kidogo, linalimeza jiwe, linapita. Nilimwambia, hakusikia, nikamwacha.

Upande wa magharibi wa ziwa njia inapanda polepole ndani ya msitu. Haichoshi sana, kwani ilipimwa kwa farasi anayevuta watu. Kila njia panda ina nguzo ya mbao yenye namba: ukiona 8 unajua uko wapi, ukifika 10 unachagua. Kuna miti ya gome jeupe ambayo majani yake yalikuwa manjano kama ndizi mbivu. Kumbe moto mkubwa wa mwaka 1947 uliteketeza misonobari upande wa mashariki wa kisiwa, na miti hii ndiyo iliyochipua mahali pake.

Karibu nusu saa ya kwanza bado nilikuwa nageuza shingo. Nasikia upepo, nageuka. Nasikia tairi la mpwa wangu, nageuka. Sikumbuki ni wapi niliacha. Nakumbuka tu kwamba tulipofika juu ya Jordan Pond, mahali njia inapokatiza maporomoko ya mawe makubwa na ziwa liko chini kabisa, niligundua mikono yangu imelegea kwenye usukani. Nilisikia maji ya kijito kabla sijakiona, na nikamsikia kindi akitafuna kitu kwenye majani makavu. Nikasimama. Machozi yalinitoka, nayasema wazi. Miaka miwili nilidhani nimeacha kupenda baiskeli, kumbe nilikuwa nimeacha barabara tu.

Kwenye kushuka ndipo mpwa wangu alipoanguka. Alitaka kuwapita watembea kwa miguu wawili, akatoka katikati akaenda ukingoni, kona ikamkuta huko, akabana breki ya mbele. Gurudumu likateleza kama limewekwa sabuni. Hakuumia sana: goti kuchubuka, na kipande cha kokoto kilichokwama kwenye kiganja. Nilimwosha kwa maji ya chupa, nikakitoa kwa kibano. Nimekihifadhi. Kikubwa kama punje ya hindi, rangi ya waridi iliyochanganyika na kijivu, na kona zake ni kali kama kigae.

Kona hizo ndizo siri ya barabara nzima. Kokoto la mtoni ni la mviringo, ukilikanyaga linabingirika. Jiwe lililopondwa lina pembe, na likishindiliwa tabaka juu ya tabaka, pembe zinang'ang'aniana mpaka sakafu inakuwa moja. Barabara hizi zina matabaka matatu ya mawe namna hiyo, upana kama mita tano, na katikati zimeinuka mgongo ili mvua ikimbilie mitaroni badala ya kutuama. Sasa, magurudumu na kwato husukuma kokoto legelege taratibu kuelekea kando. Kwa hiyo katikati pamekazana, kando pana mchanganyiko usioshikana, tena pameinama. Hapo ndipo alipobania breki. Nilimwonyesha kwa kidole, wote wawili tumepiga magoti: punguza mwendo kabla ya kona, breki ya nyuma ifanye kazi kubwa, macho yatazame unakotaka kwenda. Na punguza upepo. Safari hii alichukua kipimo cha upepo mwenyewe bila neno.

Wale watembea kwa miguu, mama mmoja na binti yake, walirudi kumpa plasta. Na kosa lilikuwa la kwetu, kwa sababu sheria ya pale iko wazi: baiskeli inampisha kila mtu, na kila mtu anampisha farasi. Mwendo wa juu ni maili 20 kwa saa. Hatukuzidi, lakini hatukupiga kengele wala kuita, na hilo linanisumbua mpaka sasa. Mtu aliyekwenda mahali pasipo na gari amekwenda kupumzisha masikio. Ukimtokea ghafla mgongoni umemfanyia kilekile nilichofanyiwa mimi.

Karibu na geti la mawe la Jordan Pond tukakutana na gari la farasi wawili wakubwa. Tulishuka, tukasogea pembeni, tukaongea kwa sauti ya kawaida ili farasi wajue sisi ni watu. Mwendeshaji akainua kofia. Harufu ya ngozi na jasho la farasi ilibaki hewani muda mrefu.

Pale kwenye mgahawa wa Jordan Pond House tulikunywa chai na vile vimkate vyao vyepesi, ndani vina uwazi, vinaliwa kwa siagi na jemu. Mpwa wangu alikula vitatu kwa mkono mmoja.

Wakati wa kurudi nilianza kuangalia mitaro. Majani yalikuwa yameshaanza kuirundikia, na mdomo wa kalavati moja ulikuwa umezibwa nusu. Maji yakikosa mtaro hupanda barabarani, na yakipanda yanachimba. Barabara hizi ziliwahi kuchakaa vibaya, ikabidi zikarabatiwe upya kati ya 1992 na 1995. Ndiyo maana kila Novemba kundi la Friends of Acadia huita watu wa kujitolea, wanakuja na glavu kuondoa majani mitaroni kabla ya theluji.

Mwaka huu tumeshajiandikisha wawili. Mpwa wangu ameuliza kama reki tunabeba zetu au tunapewa.