Nilivyoacha kubeti jina la joki pale Ngong

Jambo la kwanza utakaloambiwa ukifika Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi, siku ya Jumapili, kabla hata hujajua foleni ya kubeti iko wapi, ni hili: "Wewe usiangalie farasi, angalia joki," yaani mpandaji. Mimi niliambiwa na jirani yangu, fundi wa simu, mtu aliyekwisha kutoa ushauri huo kwa nusu ya mtaa wetu na bado anakuja uwanjani kwa matatu ya 111 kama sisi wengine. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini nilikuwa mgeni wa mambo, na mgeni humfuata mwenyeji. Sasa nimechoka kuusikia, na nina daftari la kumjibu.

Silaha yake kubwa ni Frankie Dettori. Tarehe 28 Septemba 1996, pale Ascot, Uingereza, Dettori alishinda mbio zote saba za siku hiyo. Fundi akiisimulia utadhani ndiye aliyemshikia hatamu. Asichokisema ni kwamba farasi wa saba, Fujiyama Crest, asubuhi alikuwa 12 kwa 1, yaani shilingi moja inakupa faida ya kumi na mbili, na kufikia saa ya mbio akawa 2 kwa 1. Farasi hakuota mguu wa tano kati ya asubuhi na jioni. Watu walikuwa wanabeti suruali iliyokuwa juu yake. Na farasi huyohuyo alikuwa ameshinda mbio hizohizo mwaka uliotangulia, kwa hiyo si kwamba alifufuliwa siku hiyo. Haki yake nimpe Dettori: aliongoza tangu mwanzo, akaipima kasi vizuri, na Pat Eddery aliyekuwa akimfukuza akaishiwa na uwanja. Hapo kweli palikuwa na mpandaji.

Nami ninayo yangu ya kumrudishia. Mwaka 1923, Belmont Park kule New York, Frank Hayes, mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa zizini, alipanda farasi aitwaye Sweet Kiss katika mbio za kuruka viunzi. Farasi hakutarajiwa, alikuwa 20 kwa 1. Mbio zikiwa zinaendelea Hayes akafariki palepale juu ya tandiko. Sweet Kiss akakimbia akaruka akafika wa kwanza, na ni baada ya mstari ndipo ilipojulikana kuwa aliyeshinda ni marehemu. Fundi alipoisikia mara ya kwanza hakusema neno ndani ya matatu kutoka Prestige mpaka Dagoretti Corner.

Ushauri wake niliufuata karibu msimu mzima, kwa hiyo nina haki ya kuusema. Kila mbio nilitafuta kwenye kadi, ile orodha ya farasi na wapandaji wao, jina la joki bingwa, nikaweka mia mbili, siku nyingine mia tatu, nikatulia. Na bingwa alikuwa akishinda! Hapo ndipo panaponiudhi hadi leo. Nilikuwa nashangilia Jumapili baada ya Jumapili huku mfuko unasinyaa, nikafikiri labda kuna mtu ananiibia kwenye matatu.

Hesabu yenyewe ni rahisi ukiikalia. Pale kwenye tote, yaani mfumo wa kubeti wa uwanjani, hushindani na kampuni, mnashindana nyinyi kwa nyinyi. Pesa za wote zinaingia chungu kimoja, uwanja unakata chake, kilichobaki wanagawana waliopatia. Tuseme chungu kina laki moja, uwanja ukakata elfu ishirini, zikabaki elfu themanini. Kama katika ile laki, elfu sitini ziliwekwa kwa farasi wa bingwa, mia yako itarudi ikiwa mia na thelathini na ushee. Kwa malipo hayo, bingwa anatakiwa ashinde mbio tatu katika kila nne ndipo utoke sare. Hakuna binadamu anayeshinda hivyo. Joki anayeshinda moja katika nne, hata huko Ulaya, ni wa kuandikwa magazetini. Kwa hiyo hata kama mkono wa bingwa una dawa, dawa hiyo imeshalipiwa na kila mtu aliye kwenye foleni mbele yako.

Halafu kuna fundo lingine. Bingwa anashinda kwa sababu wakufunzi wanampa farasi wazuri, na wanampa farasi wazuri kwa sababu anashinda. Ukitazama jedwali la washindi utasema ni yeye. Mpe farasi wa mwisho kwenye kadi uone. Nilitaka kuutenganisha mkono wa mtu na miguu ya mnyama, na hapo ndipo nilipopata wazo ambalo, nisijivune sana, sijaona mwingine akilifanya.

Nilinunua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Selotepu ya kawaida haifai, ukiibandua inaondoka na maandishi yote unabaki na kadi yenye vidonda. Kadi nikiipata, sijaifungua, nampa dada yangu mdogo afunike majina ya wapandaji wote. Naanza kuchagua kwa kinachobaki: farasi alimalizaje mara zilizopita, umbali gani, amebebeshwa kilo ngapi, anaanzia kizimba cha ngapi pale kwenye mstari wa kuanzia. Naandika chaguo langu kwa kalamu ya bluu. Halafu nabandua tepu, naona majina, na kama moyo ukinibadilika naandika chaguo la pili kwa nyekundu. Pesa naweka kidogo tu, au siweki kabisa. Daftari ndilo lilikuwa linabeti.

Mavazi hayakuniharibia. Rangi zile za shati ni za mwenye farasi, wala si za joki. Mtu mmoja anaweza kuwa mwekundu saa nane na kijani saa tisa. Balaa lilikuwa pale wanapozungushwa farasi kabla ya mbio, maana nilitaka kumwona mnyama kwa karibu bila kuona sura ya anayempanda. Nikawa nalaza gazeti kwenye paji la uso kama kofia, nalishusha mpaka nabaki naona matumbo na miguu tu. Natembea kando ya uzio nimeinama hivyo, farasi mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Mlinzi akanifuata hatua kadhaa, akaamua sina hatari.

Saisi mmoja mzee, mtunza farasi, alinisimamisha. "Kijana, unaogopa jua ama unadaiwa na mtu hapa?"

Nikamweleza mradi wangu. Alicheka mpaka farasi akageuza masikio.

"Huyo joki anakaa naye dakika mbili," akaniambia. "Mimi nalala ukuta mmoja na huyu mnyama. Niulize mimi alikula au hakula."

"Alikula, mzee?"

"Hiyo sikwambii."

Nikagundua kwamba pale kila mtu anaipigia debe kazi yake: saisi anasema ni saisi, mkufunzi anasema ni mazoezi, mwenye farasi anasema ni damu ya baba yake, yaani baba ya farasi. Lakini mzee alinipa kitu kimoja cha bure ambacho kimenilipa mara nyingi. Angalia katikati ya mapaja ya nyuma. Siku isiyo na joto, ukiona pale povu jeupe limejisugua kama sabuni ya kufulia, huyo amezimaliza mbio zake kichwani kabla ya kuingia kizimbani. Joki yeyote unayempenda hawezi kumrudishia nguvu hizo.

Sasa daftari lilisema nini? Mara nyingi bluu na nyekundu zilikuwa farasi yuleyule, kwa hiyo jina la joki halikuongeza kitu. Pale nilipohama kwa sababu tu ya jina kubwa, mara nyingi nilihama kutoka kwa farasi mwenye malipo ya maana kwenda kwa mwenye malipo ya karanga. Lakini kuna mahali nyekundu iliipiga bluu wazi, na hapa fundi asisome. Ni pale zizi moja linapoingiza farasi wawili na joki mkuu wa zizi amechagua mmoja. Huyo amewapanda wote wawili asubuhi mazoezini, anajua yupi anavuta na yupi anajivuta. Hapo simtumii kama dereva, namtumia kama shahidi. Hukosea, wote hukosea, lakini anakuwa ameona kitu ambacho mimi na gazeti langu hatukukiona. Tangu nilipogundua hivyo, tepu naibandua kwa ajili ya jambo hilo kwanza.

Msinielewe vibaya kwamba mpandaji ni mzigo wa kubebwa tu. Kukaa kwenyewe ni kazi. Zamani walikuwa wanakaa wima, miguu imening'inia. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Mmarekani Tod Sloan akaenda Uingereza na vikuku vifupi, vile vya kukanyagia miguu, amejikunja shingoni mwa farasi, wakamcheka eti nyani. Wakaacha kucheka. Watafiti wa London walichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2009 kwamba muda wa mbio ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7 pale mkao huo uliposhika. Sababu yake ni kwamba joki aliyejikunja hapandi na kushuka pamoja na farasi: magoti yake yanameza mtikisiko wote, yeye anabaki kama anaelea. Farasi bado anaubeba uzito wake, ila halazimiki kuurusha upya kila hatua. Lakini sasa wote wanakaa hivyo, kuanzia bingwa hadi mwanafunzi. Faida iliyogawiwa kwa wote haikusaidii kuchagua.

Ninachoamini ni kwamba joki anaweza kupoteza mbio kirahisi kuliko anavyoweza kuzishinda. Bill Shoemaker, mmoja wa wakubwa kabisa Marekani, alikuwa juu ya Gallant Man katika Kentucky Derby ya 1957. Akaudhania mti wa alama kuwa ndio mwisho, akajiinua kwenye vikuku, akagundua, akakaa tena. Farasi Iron Liege akamshinda kwa pua. Alifungiwa siku 15. Wiki chache baadaye mtu huyohuyo na farasi huyohuyo walishinda Belmont kwa urefu wa farasi wanane. Mkono ni uleule.

Binamu yangu aliyeko Doha anapenda kunitumia video za ngamia wa Al Shahaniya. Kule watoto waliokuwa wakitumikishwa kama wapandaji waliondolewa katikati ya miaka ya 2000, sasa juu ya ngamia kuna kijiroboti cha kilo chache chenye kiboko kinachozunguka. "Umeona?" ananiambia, "joki si kitu." Namwambia tazama pembeni ya njia. Wenye ngamia wanakimbizana na magari, rimoti mkononi, wanapiga kelele kwenye redio na sauti inatokea kwenye roboti. Walichotoa mgongoni ni mwili. Kichwa wamekipakia kwenye gari.

Na kichwa ndicho kilichonilipa. Ilikuwa mbio ya masafa marefu, farasi watano tu, na kwenye kadi hapakuwa na hata mmoja anayependa kuongoza. Hali kama hiyo ndiyo hali pekee ambayo nabandua tepu na kusoma majina yote polepole. Kila mtu akimngoja mwenziwe, kasi inakufa, na aliye mbele anafika kona ya mwisho akiwa hajatumia kitu. Kulikuwa na msichana joki mwanafunzi (wanafunzi hupunguziwa kilo kwa sababu ya ugeni) juu ya farasi ambaye nilikuwa nimempa nafasi ya tatu kwa bluu. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu akitoka mbele bila kuogopa. Fundi akaniambia, "Huyo mtoto? Bana, bora ule hiyo pesa nyama choma." Nikaweka mia tano, kwangu hiyo ni nyingi.

Alitoka mbele, akatulia, akawalaza. Ukimtazama kwa darubini ya kuazima unaona mikono yake haisogei, hatamu zimelegea kidogo, farasi masikio mbele anaangalia mandhari. Nyuma yake bingwa anamvuta wake kinywa wazi, povu linaruka. Kabla ya kona akabonyeza. Walipoamka alikuwa ameshawaacha urefu wa farasi watano hivi, na mnyoosho wote uliobaki walikuwa wanaula, wanaula, hawakuumaliza. Nililipwa zaidi ya elfu sita. Nilipiga kelele zisizo na heshima mbele ya wazee.

Unajua fundi alisema nini? "Si nilikuambia ni joki!"

Tulibishana mpaka foleni ya malipo ikaisha. Nilimwambia kwamba katika orodha yake ya majina yule msichana hakuwepo kabisa, na kwamba katika mbio ya wengi, ya kasi, ningemwacha mimi mwenyewe. Akasema hayo ni maneno. Wiki iliyofuata alimbeti yule msichana mbio zote alizopanda, mojawapo ikiwa ya masafa mafupi yenye farasi tele, na kizimba cha nje kabisa. Malipo yalikuwa yameshashuka hata kabla hajafika dirishani, maana si yeye peke yake aliyekuwa ameiona ile mbio.