Ungo tuna somo, uzazi tuna arobaini, huku mwisho nani anatufunda?

Mwaka jana mama yangu alipima malaria mara tatu ndani ya miezi miwili na mara zote hana kitu. Usiku anaamka kalowa shuka zima kama kamwagiwa ndoo, feni iko namba ya mwisho, anafungua dirisha mbu wote wa Mbagala wanaingia, baba anafunga, mama anafungua tena, basi ni ugomvi mpaka asubuhi. Mchana chumvi ikizidi kidogo anafoka, halafu anaingia chumbani analia. Presha ikapimwa iko sawa, sukari iko sawa. Jirani akatuita pembeni akasema mama yenu kapandwa huyo tafuteni mtu, na sikufichi tulibakiza kidogo tuende.

Aliyejua ni nesi wa zahanati, mdada mdogo tu, akamuuliza, "Mama, siku zako umeona lini mara ya mwisho?" Mama akaniangalia mimi, akaangalia chini, akasema mwezi wa nne, na kabla ya hapo zilikuwa zinarukaruka. Ana miaka 49. Nesi akacheka kidogo, "hii sio malaria mama yangu."

Jamani mimi nina miaka 28, nina mtoto, chuo nimemaliza, na wala haikunijia akilini!

Sisi kwetu Tanga. Nilivyovunja ungo niliwekwa ndani, somo akaja akanifunda. Nikaolewa, kungwi akaja. Nikajifungua, nikakandwa maji ya moto na uji wa pilipili manga siku arobaini mpaka nikauchukia. Kila mlango una mtu wake kakaa pale anakusubiri. Huu wa hedhi kukoma hakuna mtu, unapita peke yako gizani na kipimo cha malaria mkononi.

Kumbe wanawake wengi wanakoma kati ya miaka 45 na 55, ila vurugu zinaweza kuanza miaka kadhaa kabla. Homoni ya estrojeni inashuka ndo unapata lile joto la ghafla, moyo kwenda mbio, usingizi kukata, hasira za bure. Mpaka upitishe miezi 12 mfululizo bila kuona kitu ndo inahesabika umekoma, kabla ya hapo mimba bado inaingia (mama alivyosikia hii akasema astaghfirullah kwa sauti). Na ukishakoma halafu siku moja ukaona damu, hata tone, usijiambie ujana umerudi, nenda hospitali. Mifupa nayo inapungua nguvu, so ni mazoezi ya kutembea na kula dagaa.

Yale ya ukavu na chumbani mama hawezi kuniambia mimi, nami siwezi kumuuliza. Nikampigia shangazi, shangazi akaongea na mama, mama akarudi kliniki mwenyewe na akajibiwa, kuna mpaka dawa za kupaka. Siku hiyohiyo akapimwa saratani ya shingo ya kizazi, ile ya kupaka siki, mara yake ya kwanza maishani, dakika chache tu kaamka. Aliporudi akasaini mwenyewe mdogo wangu wa darasa la sita achanjwe shuleni, ile ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyohiyo. Tangu ianze nchi nzima 2018 alikuwa anasema inafunga kizazi.

Baba tulimwelezea kwa mzunguko mrefu sana, akanyamaza, kesho yake akarudi na feni ya pili.

Bibi alipokuja Idi nikamuuliza, yeye ilikuwaje. Akacheka mpaka akajifuta machozi na kanga. "Mie nilikuwa nachukua mkeka nalala barazani mpaka alfajiri, mwaka mzima. Babu yako mpaka anaingia kaburini alijua nilimnunia."