Programu ya Kuchora Mifarishi: Kununua au Kubaki na Penseli

Swali la kununua programu ya kuchora mifarishi au kubaki na penseli huja pale mtu anapochoka kupaka rangi miraba ileile ya karatasi ya grafu kwa mara ya nne. Leo nalipima polepole, kwa sababu "inategemea" si jibu la kumpa mtu aliyekwisha kutoa pochi.

Nianze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hudhani programu itawaokoa. Hesabu za mfarishi wa viraka ni chache na hazibadiliki. Nafasi ya mshono ni robo inchi kila upande, kwa hiyo mraba utakaobaki inchi 3 ukishashonwa hukatwa inchi 3½. Mraba wa kutoa pembetatu mbili huongezewa inchi ⅞ juu ya kipimo cha baada ya kushonwa. Wa kutoa nne, inchi 1¼. Mwenye kanuni hizo tatu kichwani anayo sehemu kubwa ya jedwali la kukatia ambalo programu humchapia. Asiyekuwa nazo hatajua jedwali linapompotosha.

Na hupotosha. Chukua bloku, yaani mraba mmoja wa mfarishi ulioundwa kwa viraka, ya inchi 12 iliyogawanywa 5 kwa 5. Kila kiraka ni inchi 2.4, na pamoja na mishono ni 2.9. Rula haina alama hiyo, basi programu inayokadiria kwa thumuni za inchi itaandika 2⅞. Pengo ni 0.025 tu, lakini mara tano limekuwa thumuni nzima. Bloku zote zikiwa za aina moja, hutaona kitu. Ukiziweka kando ya zilizogawanywa 4 kwa 4, kingo hazikutani, na utailaumu cherehani bure. Dawa ni kuchora bloku ya inchi 10 au 15, na hiyo haihitaji kompyuta.

Basi programu inafaa nini? Inafaa kwa yale utakayoyatupa. Bloku ambayo nusu yake ni giza na nusu ni mwanga inaweza kukaa kwa namna nne. Ziweke 16 na mipangilio inayowezekana inapita bilioni 4. Kwa penseli utajaribu miwili, ukate kitambaa. Kwenye skrini utazungusha, utabadili rangi ya bloku zote kwa kubofya mara moja, utaongeza ukingo na kuufuta. Hapo ndipo ninapoona pesa ikirudi, hasa kwa anayebuni mwenyewe na kuchanganya bloku za ukubwa tofauti. Anayefuata ruwaza zilizokwisha kuandikwa hana sababu ya kununua.

Ila vitambaa vya skrini vina hila. Picha ya kitambaa ikiingizwa bila kipimo chake halisi, ua la inchi 4 litatokea zima ndani ya kiraka cha inchi 2. Ukija kukata, unapata jani moja na nusu ya petali. Kadirio la kitambaa nalo likague: weka upana unaotumika kuwa inchi 40, hata kama kitambaa kinauzwa kuwa na 44, kwa kuwa pindo hukatwa na kufua hupunguza.

Anayefikiria EQ8, programu ya kubuni mifarishi iliyotoka 2017, ajue inataka kompyuta ya Windows au Mac, tableti haitoshi. Inkscape, programu ya kuchora ya kawaida, ni ya bure na huchora miraba vizuri, lakini haijui mshono ni nini: kila robo inchi utaiongeza wewe.

Kujifunza kwenyewe hukwama mahali padogo. Mistari isipokutana barabara, kiraka hakifungi na rangi haiingii. Tena bloku huchorwa mahali pamoja na mfarishi hupangwa pengine, kwa hiyo bloku isiyohifadhiwa haionekani unapoihitaji. Uchapishaji wa violezo ndio mbaya zaidi: printa ikiachwa "ienee ukurasa" na kupunguza hadi asilimia 96, inchi 12 zinakuwa 11.52. Chapisha kwa asilimia 100, kisha pima mraba wa inchi 1 kwa rula kabla ya kugusa mkasi.

Kama kuna muda wa majaribio, usiutumie kuchezea rangi. Panga bloku za inchi 12 zikisimama kwa kona, halafu tazama jedwali. Pembetatu za pembeni zitoke kwenye mraba wa inchi 18¼ uliokatwa kwa mishazari miwili. Za kona kwenye mraba wa 9⅜ uliokatwa kwa mmoja. Mikato inatofautiana ili ukingo wa nje ufuate uzi wa kitambaa. Ukiangukia mshazari, huvutika na mfarishi hukaa mawimbi. Programu ikikupa namba tu bila kukuonyesha mikato hiyo, endelea kutafuta nyingine.