Tulivyotembea na Manila, mtoto wa karatasi, kutoka Nakuru mpaka Seme

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuambiwa ati safari yetu na Manila ilikuwa kazi bure. Kama mtoto wako ameletewa ule mradi wa shule wa kuchora mtu wa karatasi, kumkata, halafu kutembea naye likizo mkipiga picha na kuandika alikofika, soma hii kwanza, maana mimi nilipewa mashauri na watu wengi na karibu yote yalikuwa mabaya. Wa pekee aliyenisaidia ni mama mkwe wangu, na yeye hata hakujua ni mradi wa shule.

Binti yangu yuko Grade 2. Ni mtoto mwerevu lakini haongei na watu asiowajua, mgeni akiingia nyumbani anajificha nyuma yangu anashika sketi, na mpaka mwaka huu nilikuwa namjibia mimi kila kitu, unaitwa nani mimi najibu, una miaka mingapi mimi najibu. Mwalimu wake aliona hiyo mapema. Alipotoa mradi wa likizo ya Agosti aliniandikia kwa daftari: Mama, safari hii usimjibie, mwachie wa karatasi aongee. Sikuelewa anamaanisha nini, nikaona ni mambo ya CBC tu, ule mtaala wa shule.

Baadaye nilisoma nikajua mchezo wenyewe umetoka mbali, mwalimu mmoja wa Kanada, Dale Hubert, ndiye aliyeuanzisha mwaka 1995 kule Ontario, akitumia hadithi ya watoto ya 1964 ya kijana aliyeangukiwa na ubao usiku akawa bapa kabisa, mpaka wazazi wakaweza kumtia kwa bahasha na kumtuma kwa posta akatembee. Watoto wa huko hutumiana wao kwa wao hivyo hivyo kwa posta. Sisi wetu alipanda matatu.

Binti yangu alimkata kwa manila nyeupe, ile karatasi ngumu, akamchorea nywele za matuta na gauni la kijani, na nilipomuuliza jina akasema anaitwa Manila. Basi.

Sasa hapo ndipo mashauri yalianza. Dada yangu akasema mfanye mkubwa ndio aonekane kwa picha. Jirani akasema usijisumbue, piga picha za mahali peke yake halafu umbandike huyo doli kwa simu, kuna programu. Huyo wa programu alinikasirisha sana kwa sababu mtoto alikuwa amesimama hapo hapo anasikia, na nilimwona akimgeuza Manila uso chini kama anamficha asisikie. Na watu kama watatu wakaniambia mpeleke saiba wamlamineti, yaani wamfunike kwa plastiki.

Nikampeleka saiba. Bob hamsini hivi, dakika mbili, akatoka anang'aa. Jumamosi tukapanda Menengai, na mtu wa Nakuru akikuambia hajawahi kupanda Menengai mwambie aende, ni hapo tu juu ya mji, mita 2,278, unasimama ukingoni unaona shimo lote chini limejaa mawe meusi ya volkano na mvuke ukitoka kule wanakochimba jotoardhi. Baba yao, mume wangu, akatoa simu, binti akamshika Manila juu, tukapiga picha kama kumi na tano. Tukaangalia. Kwa kila picha, pale penye uso wa Manila kulikuwa na mng'ao mweupe wa jua, kama kioo cha gari saa saba mchana. Mtoto wangu yuko sawa, mlima uko sawa, Manila hana uso.

Na hiyo si mbaya zaidi. Ile plastiki ni nyepesi na ni ngumu, na upepo wa Menengai unaujua. Ulipompiga aliruka kama kifuniko cha sufuria, akapanda juu, akageuka mara mbili, akashuka upande wa shimo. Binti yangu hakulia, alinyamaza tu, na mimi kimya chake nakiogopa kuliko kilio. Bahati akanasa kwenye kichaka cha leleshwa, hatua chache chini ya ukingo, na kijana mmoja aliyekuwa hapo na mbuzi akamtoa kwa fimbo yake akishika mti kwa mkono mwingine. Baba yao akampa mia. Kijana akauliza, "Huyu ni nani?" Nikafungua mdomo nijibu, nikakumbuka daftari, nikaufunga. Binti yangu akasema, polepole sana, "Anaitwa Manila. Anasema asante."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza nilimsikia akimwambia mtu asiyemjua bila mimi kumsukuma. Niliangalia upande ule mwingine ili asione macho yangu.

Kwa hivyo kutoka siku hiyo nikaichukua hii kazi kwa uzito. Yule wa plastiki nikamweka kando, binti akamchora Manila upya kwa krayoni. Sasa sikiliza vizuri, hii ndiyo naona fahari nayo. Nilikumbuka tukiwa wadogo tulikuwa tunasugua mshumaa kwenye karatasi ili maji yasiingie. Nikachukua mshumaa mweupe wa kawaida nikamsugua Manila mbele na nyuma, nikamlaza katikati ya gazeti, nikapitisha pasi juu ili nta iyeyuke iingie ndani. Nikafungua gazeti. Gauni la kijani lilikuwa limehamia usoni. Nilikuwa nimesahau kwamba amepakwa krayoni, na krayoni yenyewe ni nta, ukiipasha moto inatembea. Saa nne usiku mtoto amelala, mimi niko mezani na mtoto wake wa karatasi ameharibika.

Asubuhi nilimwambia ukweli. Nilisema, mama amemchoma Manila, pole sana, tumchore tena. Aliniangalia, akaleta manila ingine, akasema Manila ameenda kubadilisha nguo. Safari hii tukatumia penseli za rangi, tukambandika juu ya boksi jembamba la dawa ya meno asipindike, tukasugua mshumaa, pasi ya moto mdogo kabisa, gazeti kavu juu na chini, hesabu mpaka kumi, toa. Akatoka mzuri. Hang'ai, hapindiki, na ukimdondoshea maji yanateleza kama juu ya jani la nduma. Tena tulimpunguza kimo, awe wa kiganja na nusu tu, kwa hivyo dada yangu wa mashauri ya mkubwa pia alikosea, mkubwa anashika upepo na haingii mfukoni. Kwa mguu tukatoboa tundu tukapitisha uzi wa kufuma, upande wa pili unafungwa kwa mkono wa mtoto. Tukampiga fotokopi ya rangi pia, ikakaa kwa mkoba wangu, sikumwambia mtu.

Lake Nakuru tulienda Jumanne. Kiingilio unalipa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, usije na noti langoni, na madirisha ya gari yafungwe penye nyani. Flamingo walikuwa wachache, maji yamepanda sana miaka hii na wengi huhamia Bogoria, lakini binti yangu hata hakuuliza flamingo. Yeye aliona ile miti mikavu imesimama ndani ya ziwa, mamia, haina jani, na akamtoa Manila dirishani kidogo akamwambia askari wa mbuga, "Manila anauliza kwa nini miti imeingia kwa maji." Yule askari, Mungu ambariki, hakuniangalia mimi. Aliinama akamjibu Manila. Akamwambia miti haikuingia, ziwa ndilo lilitembea likaifuata, hata lango la zamani likamezwa wakajenga lingine.

Halafu tukashika barabara ya Kisumu. Salgaa, Mau Summit tukanunua karoti, Kericho majani chai pande zote kijani kama gauni la Manila, na binti alisema hivyo mwenyewe. Ukishuka kutoka huko mpaka uwanda wa Kano joto linakupokea usoni, mchele umesimama kwenye maji hapo Ahero, milima ya Nandi iko kulia kwako. Manila alikaa dirishani njia yote. Usimweke kwa dashibodi, jua litayeyusha nta.

Kisumu tulikaa siku mbili. Makumbusho nayapendekeza kwa sababu kuna ile boma ya Kijaluo, Ber-gi-dala, nyumba zimejengwa kila moja mahali pake, ya mke wa kwanza, ya wa pili, simba, yaani vibanda vya vijana, na mtoto anaelewa kwa macho kitu ambacho baba yake amekuwa akimweleza miaka. Dunga, hapo ufukweni mwa ziwa, tulikula samaki, na hapo Manila akaanguka kwenye sahani ya mchuzi. Uso chini. Nilimtoa, nikampangusa kwa tishu, mafuta yakatoka, uso ukabaki. Niliinua mikono juu mbele ya watu wote. Wale wa kulamineti waje waone.

Lakini Seme ndiko moyo wangu ulibaki. Dani yake, yaani nyanya yake, yule mama mkwe wangu, anakaa karibu na mawe ya Kit Mikayi, unatoka Kisumu unafika Kisian, unashika kushoto njia ya Bondo. Tulifika jioni. Binti akamsalimia dani kwa sauti ndogo, na Manila yuko mkononi. Dani akauliza, "Na huyu mgeni mwingine?" Akajibiwa ni Manila. Chakula kikaja, kuon, yaani ugali, na omena na mboga, na mama mkwe akarudi jikoni akaleta kisahani kidogo, akakiweka chini mbele ya Manila na tonge moja na omena tatu. Akaniambia, "Nyar Nakuru," yaani binti wa Nakuru, "mgeni analalaje na njaa kwangu?" Hakuwa anacheza. Binti yangu aliangalia kile kisahani, akamwangalia dani, na usiku ule waliongea wawili mpaka mimi nikaenda kulala nikawaacha.

Asubuhi nikakuta dani ameshona mfuko mdogo kutoka kwa kipande cha leso, ameupachika kifuani kwa sweta ya mtoto, kichwa cha Manila kinatoka nje na mikono yote ya mtoto iko huru. Mimi wiki mbili nimehangaika na uzi! Kama unachukua kitu kimoja kwa haya yote chukua huo mfuko.

Kit Mikayi ni mawe makubwa yamepandana kama mtu aliyapanga, na dani alitusimulia mwenyewe tukiwa chini yake. Kwamba zamani kulikuwa na mzee, Ngeso, aliyelipenda lile jiwe hata akawa anashinda hapo siku nzima, mkewe anamletea chakula, na watu wakimuuliza mama unampelekea wapi chakula anasema nampelekea kwa mke wake wa kwanza. Ndio maana ya jina, jiwe la mke wa kwanza. Binti akauliza, "Manila anataka kujua huyo mama hakukasirika?" Dani alicheka mpaka akakaa.

Picha ya hapo ni mimi niliigundua. Ukimshika Manila kando ya jiwe anaonekana kama uchafu. Mrudishe nyuma, mbali na jiwe kabisa, mtoto achuchumae chini amshike kwa kijiti cha mshikaki, hatua moja tu kutoka kwa simu, wewe lala kwa nyasi, elekeza simu juu kidogo mpaka miguu ya Manila iguse kichwa cha jiwe. Jua liwe kali nyuma yako ili vyote viwili vionekane wazi. Tulirudia mara nyingi, baba yao akachoka akaenda kununua soda, na tukaipata, Manila amesimama juu ya Kit Mikayi na ni mkubwa kuliko miti. Ilesi, karibu na Kakamega, tulifanya vile vile na lile jiwe linalolia, maji yanashuka usoni mwake, na Manila anaonekana analipangusa machozi. Maseno kwenye alama ya ikweta tulimlaza chini tu mstari umpite kiunoni, hiyo haikuhitaji akili.

Gharama yote sijapiga hesabu vizuri, mafuta na samaki ndivyo vilikula pesa, Manila mwenyewe hakufika mia mbili pamoja na yule aliyeungua.

Shule ilipofunguliwa mwalimu aliniambia binti yangu alisimama mbele ya darasa akaongea na Manila akiwa kifuani, kisha katikati akamtoa akamweka mezani akaendelea bila yeye. Nilimwomba anirudie hiyo sehemu mara mbili.

Wiki iliyopita dani alipiga simu, hakutuuliza sisi, alimuuliza Manila. Kwa hivyo binti akachora mwingine, gauni la manjano, nikasugua mshumaa, tukamweka kwa bahasha na kumpeleka steji ya matatu akasafirishwe kama kifurushi. Kondakta akauliza kuna nini ndani, nikanyamaza. Binti yangu akamwambia, "Ni mtu, usimkunje." Jioni dani akapiga akasema amefika, amempa chai, na amemweka ukutani karibu na kalenda.