Transiva ya mpangaji: nilivyochagua redio ya ridhaa nikiishi ghorofani Nairobi

Mamlaka ya Mawasiliano iliponipa leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza hewani kwa kujifurahisha tu, na ishara ya wito inayoanza na 5Z4, nikabaki na jambo moja, nalo lilinichukua muda kuliko makaratasi yote: ninunue transiva gani, yaani redio inayopokea na kurusha? Nilitaka redio moja tu. Ikae sebuleni siku za kazi, na Jumamosi iingie kwenye begi twende nayo Ngong. Mbili sikuwa na pesa nazo, wala mahali pa kuziweka.

Mimi hufunga mitambo ya sola, kwa hiyo betri na nyaya si wageni kwangu. Naishi Kasarani, ghorofa ya tano katika jengo la ghorofa sita, paa bapa lenye matangi ya maji, madishi ya televisheni na kamba za kuanika nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Yeyote aliyepanga nyumba za huku analijua paa hilo bila kuonyeshwa.

Nilimwendea mzee mmoja wa redio anayekaa nje ya mji, mwenye shamba na minara yake miwili. Mezani alikuwa na Icom IC-7300, na nikiri kwamba ile skrini yake ilinikamata. Unaona bendi nzima, yaani fungu zima la masafa, ikitiririka mbele yako, kila kituo kimejichora kama mstari, unagusa kwa kidole na uko hapo. Nikamwambia hiyo ndiyo ninayoitaka.

"Kwako kuna kelele kiasi gani, kijana wangu?" akaniuliza.

"Kelele za majirani, mzee?"

"Za hewani."

"Sijapima."

"Basi kapime. Redio haitatoroka dukani."

Nilikuwa na redio ndogo ya mkononi ya Tecsun inayopokea masafa mafupi na kufungua SSB, namna ya kurusha sauti wanayoitumia watu wa ridhaa. Ndiyo niliyoitumia kupima, na kwa maoni yangu kila anayetaka kununua transiva hapa mjini aanze na kazi hii kabla hajafungua ukurasa wowote wa bei.

Kwenye 14.100 MHz kuna mtandao wa vituo 18 vya ishara vilivyotawanyika duniani, unaoendeshwa na Northern California DX Foundation pamoja na shirikisho la kimataifa la redio za ridhaa, IARU. Kila kituo hupewa sekunde 10, kisha zamu inahamia kwa mwenzake, na duru nzima huisha kwa dakika 3. Kenya tumo: kituo chetu ni 5Z4B. Kabla yake huja ZS6DN wa Afrika Kusini, na baada yake 4X6TU wa Israeli. Utamu wake uko hapa: kituo hutaja jina lake kwa msimbo wa Morse, halafu hutoa milio minne mirefu ya sekunde moja moja. Wa kwanza ni wa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, na wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Hata kama hujui Morse, saa na orodha ya zamu vitakuambia unamsikiliza nani, na hesabu ya milio itakuambia wati ngapi zimekufikia.

Nikaanzia sebuleni jioni, saa ambazo kila mtu yuko nyumbani. Sikusikia lolote ila mngurumo na mkwaruzo. Nikazima swichi kuu ya nyumba yangu, mke wangu akawasha mshumaa bila kuniuliza maana kanizoea, na mngurumo ukapungua lakini haukwisha. Uliobaki ulikuwa wa watu wengine: taa za LED za ngazi, chaja za simu za jengo zima, na inveta ya jengo la ng'ambo. Inveta yenyewe niliifunga mimi. Kusikiliza redio humo ndani ni kama kusimama stendi ya matatu makanga wakiita abiria, huku rafiki yako anakunong'oneza upande wa pili wa barabara.

Nikapanda paani na redio ileile, nikaibana waya wa mita chache kwenye antena yake. ZS6DN akaingia, Pretoria hiyo, kilomita kama 2,900. Wa kwetu akapita kwa nguvu. Halafu 4X6TU, kilomita kama 3,700 kaskazini: mlio wa wati 100 uko wazi, wa wati 10 uko wazi vilevile, na jioni nyingine hata ule wa wati 1 niliupata kwa kutega sikio. Ghorofa moja chini yake, nikiwa kitini, hata wati 100 za mtu yuleyule sikuzipata.

Hapo hesabu ya wati ikabadilika kabisa kichwani mwangu. Watu wengi hununua redio kwa namba ya wati kana kwamba wanunua jenereta. Ukishuka kutoka wati 100 hadi 20 umepoteza desibeli 7, na alama moja ya S kwenye mita ya redio, ile inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia, ni desibeli 6. Yaani anayekusikia huko mbali ataona mshale umeshuka alama moja na kitu. Kelele za sebuleni kwangu zilikuwa zinakula alama nyingi kuliko hizo. Zaidi ya hayo, wati 100 zingewasaidia wengine kunisikia mimi. Mimi kuwasikia wao zisingenisaidia hata chembe.

Basi IC-7300 ikatoka kwenye orodha yangu. Si kwamba ni mbaya. Mwenye kiwanja chake Ruai au Kitengela, mwenye pa kusimamisha mlingoti, aichukue na asitazame nyuma. Lakini ina kilo 4 na ushee, ikirusha kwa nguvu zote hudai ampea 21, na kwenye begi la mgongoni inataka betri ya kuifuata ambayo ni mzigo mwingine.

Yaesu FT-891 ilinisumbua kuamua. Ni ndogo, haifiki kilo 2, na inatoa wati 100 zilezile. Mzee alinipa ya kwake niijaribu na mapokezi yake ni safi. Tatizo ni tumbo lake: inakula kama ampea 1 ikiwa inasikiliza tu, na ukibonyeza kuzungumza kwa nguvu kamili inaruka hadi ampea 23. Tena haina tyuna ndani, kile kifaa cha kulinganisha redio na antena. Kwa anayeifunga kwenye gari ni chaguo zuri sana.

Icom IC-705 ndiyo ningeichukua kama pesa si kitu. Kilo 1 na kidogo, ina betri yake mgongoni inayotoa wati 5, ukiipa umeme wa nje inatoa 10, na inabeba HF (masafa mafupi), bendi ya mita 6, pamoja na VHF na UHF (masafa ya juu zaidi) katika sanduku moja. GPS imo, na ukiiunga na kompyuta kwa waya mmoja wa USB unafanya FT8, ule ujumbe mfupi wa kidijitali kupitia kompyuta, bila vifaa vya kando. Ila bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ile niliyoishia kununua, na tyuna unanunua tena pembeni.

Niliyonunua ni Xiegu G90. Wati 20, bendi za HF kuanzia mita 160 hadi mita 10, tyuna imo ndani, na uso wake unachomoka ukitaka kuuweka mbali na mwili. Ikisikiliza inatumia kama nusu ampea, na ikirusha haizidi 8. Inakubali umeme wa volti 10.5 hadi 16.5, jambo ambalo kwa mtu wa betri kama mimi lilikuwa na uzito kuliko rangi za skrini. Skrini yenyewe ni ndogo, inchi 1.8, ukivaa miwani utaikaribia. Mita 6 haina, VHF haina, na ukiitaka kwa FT8 utahitaji kadi ya sauti na nyaya za ziada. Ukirusha FT8 kwa wati zote 20 mfululizo, mgongo wake unachemka; mimi huishusha hadi 10.

Kabla ya kulipa niliuliza kwanza Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu idhini ya aina ya kifaa, kwa sababu kifaa cha redio kikikwama forodhani mwenye shida si muuzaji. Nenda na nakala ya leseni yako, uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Ushuru pia uingize kwenye bajeti tangu mwanzo, kwani bei ya mtandaoni siyo bei ya mlangoni.

Umeme wake nyumbani hautoki ukutani. Pawa saplai za bei rahisi zinazouzwa mjini zinafaa kuchaji vitu, lakini nyingi zinanguruma hewani vibaya sana, na ningekuwa nimeleta adui ndani mwenyewe. Nina betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8, ampea-saa 20. Mchana inachajiwa, jioni nachomoa chaja kabisa, si kuizima tu, ndipo nafungua redio. Betri hiyohiyo ndiyo inayopanda mlima Jumamosi. Stima ikipotea mtaa mzima, ndipo ninapofurahia zaidi: bendi ya mita 40 inakuwa safi kiasi kwamba siku nyingine naiombea KPLC ikawie. Majirani wasinisikie.

Antena ilihitaji maneno mengi kuliko pesa. Nilimfuata keateka na vipimo vyangu kwenye karatasi: daipoli, yaani antena ya waya yenye mikono miwili, ya bendi ya mita 20 (ile ya 14 MHz), waya mwembamba wa mita 10 na kidogo kwa jumla, katikati ikiwa juu ya bomba la tangi na mikono miwili ikishuka pande zote kama paa la nyumba.

"Fundi, waya huu hautachoma watoto?"

"Ndiyo maana naitaka juu kuliko mkono wa mtu yeyote. Ncha zake zina volti nyingi ninapozungumza. Kamba za nguo zibaki chini, waya upite juu."

"Na TV za watu?"

"TV ya mtu ikikwaruza, nipigie simu. Nitaishusha siku hiyohiyo."

"Mwenye nyumba akiuliza?"

"Mwambie ni antena ya fundi wa sola. Si uongo."

Akacheka, akanipa ufunguo wa paa. Koaksi, waya unaounganisha antena na redio, nimeishusha ukutani pamoja na zile za madishi, na sebuleni nimeizungushia pete za feraiti karibu na redio ili kelele za nyumba zisipande nayo. Kupanda na kushuka kupunguza ncha za waya kidogo kidogo hadi SWR, kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio, ikatulia chini ya 1.5 kulichosha miguu, lakini mita iliyomo kwenye G90 ilitosha, sikuazima chombo kingine. Tyuna naitumia nikihamia mita 17 na 15. Ieleweke tu kwamba tyuna ya ndani hutuliza redio. Hasara iliyo kwenye koaksi inabaki palepale. Wingu likianza kujikunja mwezi wa Aprili, nachomoa koaksi na kuitoa nje ya dirisha. Radi haina mazungumzo.

Milimani Ngong mambo ni mepesi. Ufito wa faiba unaokunjwa, waya wa pili wa antena niliokata nyumbani, redio, betri, maikrofoni na daftari. Begi zima nalibeba bila kulalamika. Huko juu, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, unafungua bendi na unachosikia ni sauti za watu. Kwa wati 20 nimezungumza na Ulaya ya kusini, nchi za Ghuba na Afrika Kusini, na wengi wao hawakuuliza nina wati ngapi. Adui wa huko ni upepo. Ufito unataka kamba tatu na mawe mazito. Askari wa msitu aliyenikuta aliuliza kama napima mashamba ya kuuza. Nikamwonyesha leseni, nikampa spika ya masikio, akamsikia Mtaliano mmoja akirudia jina lake, akakaa karibu nami hadi zamu yake ya ulinzi ikaisha.

VHF nimeitenga. Kwa mita 2, ambayo kwetu ni 144 hadi 146 MHz, kiredio cha mkononi kinatosha, na bei yake haifiki hata robo ya ile tofauti ya pesa kati ya G90 na IC-705.

Wenzangu kadhaa wananiuliza kuhusu Yaesu FT-818 za mtumba, kwa kuwa Yaesu ilisitisha kuitengeneza na bado watu wanaipenda kwa udogo wake na kwa kuwa ina VHF na UHF. Nunueni, ila si kwa picha. Nenda na mzigo bandia wa omu 50, unaofungwa mahali pa antena, na mita ya wati, irushe kwenye kila bendi uone kama zile wati 6 zinatoka kweli, maana transista za mwisho huungua kwa mtu aliyewahi kurusha bila antena. Isikilize pia ikiwa kwenye betri, mbali na soketi ya ukuta. Muuzaji akikataa usiipime, M-Pesa yako ibaki kwenye simu.