Karatasi Juu ya Vidole vya Mama

Mwezi Juni 2022 mama yangu alifika kwangu Section 58, Nakuru, akitokea Njoro, akafungua bahasha ya kaki na kumimina mezani pakiti tupu za dawa. Tulizihesabu pamoja: dozi tatu za malaria na mbili za homa ya matumbo, zote alizomeza tangu Februari. Alikuwa amekonda hata pete yake ya ndoa ikazungushiwa uzi isidondoke. Usiku moyo ulimwenda mbio, na jasho lilimtoka katika baridi ile ya Njoro ambayo sisi wengine hatulali bila blanketi mbili.

Kesho yake nilimpeleka katika hospitali moja ya mjini, niliyoichagua kwa sababu tu ilikuwa na jengo zuri na foleni fupi. Daktari aliniuliza mimi, "Mgonjwa anasumbuliwa na nini?", ilhali mgonjwa mwenyewe ameketi mbele yake, kisha akaandika vipimo bila kumgusa hata mkono. Majibu yaliporudi tuliambiwa ni homa ya matumbo tena. Mama hakusema neno mpaka tulipofika stendi ya matatu, ndipo akaniambia, "Yule hakuniona, mwanangu." Maneno hayo yalinichoma, kwa maana aliyemchagua daktari yule ni mimi.

Safari ya pili sikukimbilia jengo. Nilimwendea jirani yetu, muuguzi mstaafu, nikamwuliza kwamba lau angekuwa yeye anaumwa ugonjwa usiojulikana, angekwenda kwa nani. Alinitajia mabingwa wawili wa magonjwa ya ndani, yaani wale ambao baada ya shahada ya udaktari na mwaka wa mafunzo kazini hurudi chuoni kusomea maradhi ya watu wazima, ya moyo, mapafu, figo, ini na tezi. Mmoja, alisema, ana jina kubwa mjini. Mwingine huuliza maswali mpaka mgonjwa achoke. Nilitafuta majina yao katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma mtandaoni, nikaona kwamba wote wawili wamesajiliwa na wana leseni ya mwaka ule. Nikamchagua yule wa maswali, ingawa kaka yangu alisisitiza twende kwa mwenye jina.

Alikuwa mwanamke wa makamo, naye alisogeza kiti chake mpaka upande wetu wa meza. "Mama, nieleze wewe mwenyewe, tangu siku ya kwanza," alisema, na mama akaeleza kwa muda mrefu bila kukatizwa. Kisha maswali yakaanza. Je, alikuwa amesafiri kwenda Kisumu au pwani mwaka ule? Mama hakuwa ametoka Njoro tangu Krismasi. Daktari akatuonyesha kwamba Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi yake haimfai mbu wa malaria, na kwa hiyo malaria mara tatu kwa mtu asiyesafiri ilipaswa kumshangaza mtu mapema. Kuhusu homa ya matumbo, alisema kipimo cha Widal, kile cha damu kinachotumiwa kuutafuta ugonjwa huo, huweza kuonyesha ugonjwa ambao haupo.

Halafu akamwomba anyooshe mikono, viganja vikitazama chini, akachana karatasi daftarini na kuilaza juu ya vidole. Ukingo wa karatasi ulitetemeka kwa kasi moja isiyokatika. Mikono ile niliipokea kila mama alipofika kwangu, na mtetemo huo sikuwahi kuuona. Daktari akasimama nyuma yake, akamwambia ameze funda la maji huku akimpapasa shingo kwa vidole vyote viwili vya shahada.

Kipimo cha damu kilithibitisha alichokishuku: tezi ya shingoni, ile ambayo ikivimba watu huiita rovu, ilikuwa ikitoa homoni kupita kiasi, na mwili mzima ukawa unakimbizwa, moyo kabla ya vyote. Aliandika kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni hiyo, akatutahadharisha kwamba ingechukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu kamili. Alihakikisha kwanza kwamba mama hana pumu, ndipo akaongeza propranololi ya kutuliza mapigo. Onyo moja alilirudia mara mbili, tena akimtazama mama, si mimi: akipata homa au koo likimuuma, aache kabimazoli na aje siku hiyo hiyo kupimwa damu, kwa kuwa dawa hiyo, ingawa ni nadra, huweza kupunguza chembe nyeupe zinazolinda mwili. Mama alimrudishia onyo hilo neno kwa neno.

Tulirudi Agosti. Uzi ulikuwa bado umezungushwa kwenye pete, lakini sasa ulimbana. Kabla daktari hajafungua faili, mama alinyoosha mikono mwenyewe na kungoja karatasi, nayo ikalala juu ya vidole vyake, pembe moja tu ikichezacheza.