Nyuma yako mtu anaweza kulala

Mnisamehe kwa kimya. Dada kajifungua salama (wa kiume, jina bado linagombewa), wakaguzi wa hesabu wamekuja na kuondoka, nami nimerudi nyumbani ngozi ya pua ikiwa imebabuka yote. Lakini kinachoniweka macho saa hizi, wenzangu wote wamelala, ni sentensi moja ya yule mzee wetu wa msafara wa baiskeli. Yule niliyewaeleza siku zile, mwenye baiskeli kongwe ya chuma ambayo kila jioni huipaka mafuta mnyororo kabla hajanawa hata uso.

Ilikuwa siku ya upepo. Tulisimama kujaza chupa za maji, nami nimeinama, mikono magotini, natafuta pumzi. Mzee akaja, akanigusa begani, akasema: "Binti, nyuma yako mtu anaweza kulala."

Nikasema, "Asante, mzee."

Watu wakacheka. Tukapanda baiskeli, tukaendelea. Ni hayo tu yaliyotokea.

Sasa niambieni, alikuwa ananisifu?

Pale pale niliichukua kuwa sifa, ndiyo maana nikashukuru. Wanaoendesha kwa makundi wanajua kwamba gurudumu zuri la kufuata ni lile lisilo na vituko. Wa mbele yako asipokamata breki ghafla, asipoyumba, asipochomoka kila aonapo mteremko, na akakuonyesha shimo kwa kidole kabla hujalifikia, unaweza kukaa shubiri chache kutoka tairi lake saa nzima bila moyo kukudunda. Kwa mtu ambaye safari iliyopita alisindikizwa na gari la mizigo (mnaikumbuka habari ile, sirudii), kuambiwa hivyo na mzee aliyekula barabara miaka yote hiyo ni cheti cha kutundika ukutani.

Usiku, ndani ya hema, nikawaza tofauti. Huenda alimaanisha kwamba mwendo wangu unaleta usingizi.

Kisha nikaenda kumwona mtoto. Dada ananyonyesha, ananisikiliza kwa makini yote, halafu akanipima kwa macho kuanzia mabegani kushuka chini, akaangua kicheko hadi mtoto akaachia ziwa. "We naye! Si amekwambia una mgongo kama kabati!"

Ubaya ni kwamba sayansi iko upande wake. Kwenye tambarare, ukishafika mwendo wa kilomita 25 au 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia kusukuma hewa. Tairi na mnyororo vinakula kidogo tu. Na ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakukaza mara nne. Anayejibanza nyuma ya mwenzake huokoa kama theluthi ya jasho lake, na kadiri wa mbele alivyo mpana ndivyo wa nyuma anavyostarehe. Nyuma ya yule kijana wetu mwembamba anayetuacha kila mlima, unakingwa pua. Nyuma yangu unakingwa wewe, mizigo yako na jirani yako.

Kwa hiyo nimekuwa naisikiliza upya ile sauti. Alianza na "binti". Anayekejeli huanza na "binti"? Mkono ulitua begani, taratibu, kama wa mtu anayebisha hodi asiyetaka kuamsha nyumba nzima. Na nani alitangulia kucheka? Nadhani ni Mwalimu, mwenzetu wa msafara, lakini yeye hucheka hata akisoma ramani, kwa hiyo huo si ushahidi. Mume wangu ameisikia hadithi hii hadi juzi kaniuliza, kwa upole wake ule mnaoujua, kama safari nzima hakuna mtu mwingine aliyefungua mdomo.

Walifungua. Tulinyeshewa hadi soksi, baiskeli ya mmoja wetu ilikatika spoku mahali pasipo na fundi wala kivuli, na usiku wa kuamkia siku ya upepo Mwalimu alitusimulia habari ya Eugène Christophe. Mwaka 1913, kwenye Tour de France, uma wa mbele wa baiskeli yake, kile chuma kinachoshika gurudumu, ulivunjika huko milima ya Pyrenees. Akaibeba begani akashuka kwa miguu kama kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi na kuuunga uma mwenyewe kwa moto na nyundo, maana sheria za siku zile zilikataza mshindani kusaidiwa. Wasimamizi wakiwa wamesimama wanamwangalia. Alipomaliza wakamwongezea dakika za adhabu, kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mvukuto.

Sote tulikasirika kwa niaba yake. Mzee peke yake, akifuta mnyororo, alisema: "Upepo ni upepo. Hata wa mvukuto una mwenyewe."

Hiyo nilikuwa nimeisahau. Imenirudia jana nikiosha vyombo, na mikono ikasimama ndani ya maji.

Kwa maana kama anajua kwamba upepo una mwenyewe, basi siku ile alijua vizuri mwenyewe ni nani. Desturi ya kundi ni kupokezana. Unakaa mbele dakika chache, unapunga kiwiko, unajivuta pembeni, wenzako wanapita, unajiunga mkiani unapumua. Mimi nilikaa mbele tangu tulipolala hadi kwenye yale maji. Nilipunga kiwiko. Nikapunga tena. Nikajivuta pembeni, na mstari mzima ukajivuta pembeni pamoja nami, kwa utii wa ajabu. Nyuma yangu kabisa alikuwa nani? Kiwiko changu kilipunga mbele ya macho ya nani?

Hapo sifa yote ikageuka uchungu. Nyuma yangu mtu anaweza kulala, sawa, lakini halali mtu mpaka mwingine akeshe. Mwalimu kanitumia ujumbe wa kunifariji kwamba hata wa mbele hufaidika, kwa kuwa anayemfuata huutuliza ule mvurugiko wa hewa mgongoni mwake. Ni kweli, anafaidika. Kidogo mno. Nilitamani kumwambia hicho kidogo nampa yeye, safari ijayo achukue na nafasi yangu.

Na malipo bado nayalipa. Ukiukabili upepo unainama, ukiinama uzito unakwenda mikononi, na chini ya kiganja hupita mshipa wa fahamu unaoelekea kidole cha mwisho na cha pete. Usukani ukiukandamiza mchana kutwa, vidole hivyo vinakufa ganzi. Kwa kawaida hurudi vyenyewe baada ya muda. Vyangu vya kushoto bado havijarudi, na herufi a iko chini ya kidole hichohicho. Jaribu kuandika Kiswahili bila a uone.

Nilimwandikia mzee ujumbe, nikaufuta. Nikaandika mwingine mfupi zaidi, wenye adabu nyingi zaidi, nao nikaufuta.

Leo kiongozi wa msafara katuma picha. Moja ni ya siku ile. Niko mbele, nimejikunja, na kichwa cha mzee kimetokeza juu ya bega langu la kushoto. Haangalii tairi langu. Anatazama mbali mbele, kama wanavyofundishwa wote wanaofuata gurudumu. Kwa hiyo hakuwa amelala, na kiwiko alikiona. Nimeikuza picha hadi ikawa vidoadoa. Midomo yake imeachama, shingo imetoka mishipa, mkono mmoja umeshika usukani kwa vidole tu. Ni mtu aliyemaliza kila alichokuwa nacho tangu asubuhi. Angepitaje mbele? Na aliye nyuma yake angempitaje mzee kama yeye, tena pale, mbele za watu?

Sasa nashuku ile sentensi ilikuwa samahani, ya mtu ambaye hajazoea kuomba samahani kwa watu wa umri wangu. Nashuku tu. Maana kama ni samahani, si angesema, "Binti, leo miguu imegoma"? Ningemwelewa, na ningelala usiku wa leo. Au alisema hivyo hasa, kwa namna yake, nami nikajibu "asante" mbele ya watu wote, wakacheka.

Nimeshaandikisha jina kwa safari ijayo, msiniulize. Safari hii sipungi kiwiko, napiga kelele.

Kuna jingine. Kitindamimba wangu ameanza kufumba jicho moja akisoma. Anasema hivyo herufi zinatulia. Miadi ya daktari wa macho ni Jumanne, baba yake atakuwa kazini mbali, Jumanne hiyohiyo wakaguzi wanaleta ripoti yao, na Mama tangu ile operesheni hashuki ngazi bila kushika ukuta. Jioni hii nimemziba jicho la kulia kwa kiganja nikamwambia asome kalenda ya sebuleni. Kaisoma yote, hadi maandishi madogo ya chini. Nilipomziba la kushoto akataja mwezi tu, na nadhani kautaja kwa kukumbuka.